Mstari wa Mnavu Uliozeeka

Naikumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, niliyoamka na furaha ya kufanya kazi nzuri. Niliifanya kwa bidii mpaka jua likawa utosini, kumbe nilikuwa nabomoa. Kosa ambalo mtu hulifanya akijua ni kosa, moyo humsuta mapema akaliacha. Lile analolifanya huku akijipongeza ndilo humpeleka mbali.

Nakueleza habari hii kwa sababu ni mwezi wa sita tena. Mvua za masika zimekatika, umande wa asubuhi bado ni mwingi, na hapa Morotonga kila nyumba yenye kipande cha ardhi na ndoo mbili za maji inalima mboga. Vijana kama wewe huja kwangu kuuliza, nami wote nawaita wanangu. Mimi si bwana shamba. Niliishia darasa la saba. Mengine nimeyapata kwa kusoma vijitabu, kwa kuuliza, na kwa kukosea. Katika njia hizo tatu, ya tatu ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo ninayotaka kukupunguzia.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, tukikaa Kisaka kwenye mji wa baba yangu. Nilikuwa nimemwoa Ghati miezi tisa kabla. Kwa desturi ya nyumbani kwetu, mke mgeni hupikia kwanza kwenye jiko la mama mkwe. Hupika humo, hula humo, huosha vyombo vya humo, mpaka siku mama mkwe atakaposema sasa inatosha. Ndipo huwashiwa jiko lake, na kuanzia siku hiyo ana nyumba. Kabla ya hapo ni mgeni anayefanya kazi. Ghati alikuwa ameshaokota mafiga yake, mawe matatu meusi kutoka kijitoni, akayapanga ukutani nje ya kibanda nilichomjengea kiwe jiko. Kila jioni niliyaona. Niliyaona kama mtu anavyoona mawe.

Mama yangu alikuwa na bustani nyuma ya zizi, kwenye mteremko wa kwenda kijitoni. Niliipima baadaye: hatua kumi na nane kwa kumi na mbili, na uzio wa miiba pande zote. Ndani kulikuwa na sukuma wiki, vitunguu, nyanya na mgagani, na kwenye kona ya juu mforsadi mmoja ambao matunda yake meusi yaliwapaka watoto na ndege rangi ileile midomoni. Mstari wa mwisho, ule uliopakana na miiba, ulikuwa wa mnavu.

Mnavu wa porini unaujua: majani madogo, na uchungu wa kukunja uso. Wa mama haukuwa huo. Majani yake yalikuwa mapana kama kiganja cha mtoto, na uchungu wake ulikuwa wa kiasi, ule ambao ukitiwa maziwa unageuka kuwa utamu. Mbegu yake alikuja nayo kutoka kwa mama yake mzazi, upande wa milimani Tarime, siku alipoolewa.

Mwanzoni mwa mwezi ule dada yangu aliyeolewa Kewanja alijifungua, na mama akaenda kumhudumia. Alinikabidhi bustani mimi kwa sababu Ghati alikuwa na ulezi wa kuvuna. Maneno yake yalikuwa machache.

"Mwagilia asubuhi na jioni. Forsadi zikiiva, mpelekee Bibi Nyangi bakuli moja kabla ndege hawajazimaliza. Kingine chochote kiache kilivyo."

"Kiache kilivyo" ni agizo gumu kwa kijana. Kijana akikabidhiwa kitu hutaka kionekane kuwa kimepita mikononi mwake.

Siku ya pili baba alinikuta na ndoo, yeye akiwa anafungulia ng'ombe.

"Mura," aliniita, kama wazee wa kwetu wanavyomwita kijana wa kiume, "nilikupeleka jando uje kuchunga vitunguu?"

"Vitunguu havivunji zizi, baba."

"Wala havilipi mahari," alijibu, akaondoka na ng'ombe wake akicheka.

Kicheko kile kiliniingia. Nikaazimia kwamba atakaporudi jioni moja ataikuta bustani ambayo hata mwanamume hawezi kuionea aibu. Nilikuwa na kijitabu cha kilimo cha mboga, hakina jalada, nilichopewa na fundi baiskeli pale Mugumu. Nilikuwa nimekisoma mara nne na nilijiona msomi. Kiliagiza kwamba bustani isafishwe, mimea iliyozeeka na yenye wadudu iondolewe, kisha mboga ziwekewe samadi ya kutosha. Ukurasa uliofuata, ambao ungenieleza samadi ya namna gani, ulikuwa umechanwa. Nami sikuutafuta, maana niliona nimeshaelewa. Sisi watu wa mifugo tuna udhaifu mmoja: tunaamini kwamba kitu kilichotoka kwa ng'ombe hakiwezi kumdhuru mtu wala mmea.

Basi asubuhi ile, Ghati alipokwisha kwenda kwenye ulezi, niliingia bustanini nikatazama kitu gani kimezeeka. Mstari wa mnavu ulinijibu wenyewe. Mimea ilikuwa imefika kiunoni. Majani ya chini yalikuwa yamekauka, ya juu yametobolewa na wadudu, na matawi yameinama kwa vishada vya matunda meusi, madogo kama shanga. Kwa macho yangu huo ulikuwa uchafu. Niling'oa mashina yote kumi na saba, nikayabeba kwa mikono miwili mpaka kwenye kibanda cha ndama, nikawatupia. Kisha nikachukua karai, nikaingia zizini, nikachota samadi ya usiku ule ule, ikitoa mvuke, nikaizungushia vitunguu na sukuma wiki kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Makarai kumi na manne. Nilihesabu kwa sababu nilijivunia.

Ghati alirudi jua likielekea kuzama, na mzigo wa ulezi kichwani. Alipita kwenye uzio, akasimama.

"Mwita, mnavu wa mama uko wapi?"

"Ulikuwa umezeeka. Nimesafisha. Umeona vitunguu vilivyopata samadi?"

"Nimekuuliza mnavu."

"Nimewapa ndama."

Hakupiga kelele. Aliutua mzigo pale pale njiani, mahali ambapo mtu hatui mzigo, akaenda kwenye kibanda chake, akaketi juu ya figa moja kati ya yale matatu. Nilimfuata. Alizungumza akiwa anatazama chini.

"Mama aliniambia matunda yale yakikauka kwenye shina, atatoa mbegu, nusu yake na nusu yangu. Akirudi kutoka Kewanja angeniwashia jiko. Alisema mwanamke hawashiwi jiko akiwa hana mbegu ya mboga ya kuweka chunguni."

"Si achukue kwenye kibuyu chake?"

"Kibuyu cha mwaka jana kiliingia maji. Ule mstari ndio uliokuwa umebaki."

Nilijua kilichofuata bila kuambiwa. Bibi wa Tarime alikuwa amefariki, na shamba lake lilishakuwa migomba ya watu wengine. Hapakuwa na pengine pa kuiomba mbegu ile.

"Mbona hukuniambia, Ghati?"

"Mbona hukuniuliza?"

Mwanangu, swali lile bado sijalipatia jibu. Nilikuwa nimekaa naye miezi tisa, nikapita mbele ya mawe yale kila jioni, na sikuwahi kuuliza yanasubiri nini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kutouliza, kwa mtu anayejiona msomi, ni ujinga uliovaa shati safi.

Siku mbili zilipita Ghati akinipakulia chakula bila neno. Siku ya tatu ncha za vitunguu zilianza kuwa njano, na majani ya sukuma wiki yakajikunja pembeni, rangi ya kahawia, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Nikadhani ni njaa. Niliongeza samadi.

Siku ya nne forsadi zilikuwa zimeiva. Nilijaza bakuli, nikampelekea Bibi Nyangi. Alikuwa jirani yetu, mjane mwenye miaka zaidi ya sabini, ambaye aliifyeka bustani ile pamoja na mama ilipokuwa bado pori. Nilikwenda kwa sababu niliagizwa, lakini pia nilitaka mtu wa kuniambia kwamba kosa langu ni dogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alilitazama bakuli, akanitazama mimi. "Tangu lini mwanamume wa mji ule akaniletea forsadi? Kuna kitu umevunja. Twende ukanionyeshe."

Alikula forsadi njia nzima, akitembea polepole na fimbo yake. Tulipofika aliegemea mlango wa uzio.

"Nani amefiwa hapa? Bustani imenyolewa kama kichwa cha mfiwa."

Aliingia, akainama kwenye tuta la vitunguu, akachimbua kidogo kwa kidole, akanusa.

"Weka mkono hapa."

Nikauweka. Kulikuwa na joto.

"Mtoto mchanga utampa uji unaochemka?"

"Hapana, bibi."

"Vitunguu umevipa. Na ulipoona vinalia, ukaviongezea kikombe cha pili."

Alinieleza, na maelezo yake nilikuja kuyakuta kwenye vitabu miaka mingi baadaye, kwa maneno marefu zaidi na yasiyo matamu kama yake. Alisema samadi haiwi chakula cha mmea mpaka isahau kwamba ilitoka kwa ng'ombe. Ilale kwenye rundo miezi mitatu au zaidi, igeuzwe mara kwa mara, mpaka iwe kama udongo mweusi, isinuke, na ukiingiza mkono ndani ukute baridi. Siku ile ile tuliikwangua yote. Nikamwaga maji mengi, nikawa natazama. Nusu ya vitunguu vilipona.

Kisha nikamwonyesha mstari wa nyuma na kumweleza yote, pamoja na jiko la Ghati. Ghati mwenyewe alikuwa anapepeta ulezi upande wa pili wa uzio, na najua alikuwa anasikia. Nilimaliza kwa unyonge.

"Ndiyo hivyo, bibi. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Maji ni maji," alisema. "Mimi naongea habari za mbegu. Ile mimea uliitupa wapi?"

"Ndama waliila."

"Wakawaje?"

"Waliharisha siku mbili."

"Na ulichofagia kwenye kibanda chao?"

Nikamwonyesha rundo kwenye uzio wa chini, limeanza kukauka juu. Bibi Nyangi alicheka mpaka akakohoa, na forsadi zikamwagika.

"Wewe umewahi kuona nani anapanda mnavu kwenye miiba ya uzio? Ndege hula matunda, akaketi pale, akaacha mbegu. Hana jembe wala kijitabu. Ndama naye ni ndege, ila mzito. Nenda ukayachambue yale mavi, msomi. Na usiyaweke mazito kama ulivyofanya huku. Kidogo hulisha, kingi huunguza."

Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Neno moja. Mama yako akirudi, mweleze kabla hajafika hapa. Asije akaambiwa na udongo."

Jioni ile nilichuchumaa kwenye rundo, navunja mabonge kwa vidole na kutoa majani yaliyokuwa bado mazima. Baba akaja na ng'ombe, akanikuta. Nilingoja kicheko chake.

"Umepoteza nini humo?"

"Jiko la Ghati," nilisema.

Aliegemeza fimbo yake ukutani, akaenda, akarudi na karai la pili, akachuchumaa kando yangu. Tulivunja mabonge pamoja mpaka tukamaliza. Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe maisha yake yote, na sikumwona tena akigusa kazi ya bustani. Lakini siku ile aligusa, na tangu hapo sijamsikia akitania vitunguu.

Tulichanganya karai moja la samadi ile na makarai matano ya udongo. Nikatengeneza tuta la hatua tatu kwa moja, karibu na kibanda cha Ghati, nikatandaza mchanganyiko kwa unene wa kidole tu, nikafunika kwa nyasi kavu. Nilichukua kopo, nikalitoboa matundu kwa msumari ili maji yaanguke kama manyunyu, maana mbegu ya mnavu ni ndogo kuliko punje ya ulezi na maji ya ndoo huizamisha. Nilinyunyiza asubuhi na jioni.

Ghati alipita pale bila kutazama siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Siku ya sita niliamka nikakuta tuta limeshalowa na kopo limewekwa kinyume na nilivyoliacha. Nikaliacha kopo vile alivyoliweka. Kuna wakati neno la shukrani huja mapema likaharibu. Siku ya tisa aliniita yeye.

"Mwita! Njoo uone."

Aliinua nyasi kwa vidole viwili. Chini yake kulikuwa na vichipukizi, vya kijani, vyembamba kama uzi. Nilivihesabu vikafika sitini na vitatu. Ghati akang'oa vya mchicha pori na magugu mengine, maana mimi mkono wangu ulikuwa unaogopa kung'oa, vikabaki arobaini na kimoja. Vyote vilikuwa mnavu. Lakini ndama hula kila mahali, na mnavu wa porini ulikuwa umejaa njiani. Kipi kilikuwa cha mama na kipi cha porini, jicho halikuweza kusema. Kikiwa na majani mawili, kichungu na kitamu hufanana.

Mama alirudi wiki mbili baadaye. Nilikwenda kumngoja barabarani, mahali magari yanaposhushia abiria. Nikapokea mzigo wake, nikamwamkia, nikauliza habari za dada na mtoto. Kisha nikamweleza, tukiwa bado tumesimama kwenye vumbi la gari. Nilimweleza kwa mpangilio: nilichong'oa, kwa nini niling'oa, kilichoungua, kilichopona, na vichipukizi arobaini na kimoja. Sikumtaja fundi baiskeli wala kijitabu. Kosa likigawanywa kwa watu wengi mwenyewe hubaki na kipande kidogo, na mimi nilitaka nibaki nalo lote.

Alitembea mbele yangu mpaka tulipovuka kijito, ndipo akauliza.

"Ghati analia?"

"Hapana. Ananyunyiza maji."

"Basi," alisema.

Tulipofika hakwenda bustanini kwanza. Alikwenda kwenye kibanda cha Ghati, akayatazama mafiga matatu, akatazama tuta. Ghati alikuja akapiga goti kumsalimu. Mama akamshika mkono.

"Jiko lako halitawashwa leo, mwanangu. Nisingependa kukudanganya. Lakini sijalifuta. Linasubiri mbegu, na mbegu utaichagua wewe, kwa ulimi wako. Mimi nimeula mnavu huu tangu sijaota meno, lakini huu sasa ni wako."

Kisha akanigeukia mimi, na hili ndilo karipio lake lote.

"Wewe ulipoona mmea umeacha kutoa majani, ukasema umemaliza kazi. Mmea ule ulikuwa kwenye kazi kubwa kuliko zote, ila kazi hiyo haionekani. Siku nyingine ukikuta kitu kimeachwa kuzeeka kwenye bustani ya mtu, jua kuna mtu aliyekiacha."

Tulisubiri wiki nne nyingine. Majani yalipofika ukubwa wa kuonja, Ghati alipita kwenye tuta asubuhi, kabla hajala kitu. Alikata kipande cha jani, akatafuna, akatema, akasukutua maji, akaenda kwenye mmea mwingine. Mama alikaa mlangoni akitazama, na niliona midomo yake ikisogea kila Ghati alipotafuna. Mmea uliokuwa mchungu Ghati aliung'oa. Kwenye ule wa kumi na tisa alisimama, akatafuna tena, akameza. Kisha akafunga kijiti chenye uzi mwekundu kwenye shina.

Mpaka mwisho vijiti vilikuwa vitano. Mitano kati ya arobaini na mmoja.

Ile mitano tuliihudumia kama wagonjwa. Hatukuchuma jani hata moja, ingawa majani yalipanuka mpaka yakawa ya kutamanisha. Ikatoa maua meupe, kisha vitunda vya kijani, na kuelekea mvua za vuli vitunda vikawa vyeusi. Ghati alivitazama kila siku mpaka vikalainika. Akavichuma, akavikamua kwenye bakuli la maji, akamwaga maganda yaliyoelea, akazichukua mbegu zilizozama, akazianika kivulini na kuzichanganya na majivu. Zote zilijaza kiganja kimoja. Mama alileta vibuyu viwili vidogo, akagawa. Nusu yake, nusu ya Ghati, kama alivyoahidi. Akamwongezea Ghati mbegu chache kutoka nusu yake mwenyewe, bila kusema kwa nini.

Mvua ziliponyesha, Ghati alisia zake. Siku mboga ya kwanza ilipokuwa tayari, mama alichukua kaa la moto kutoka kwenye jiko lake, akalibeba kwenye kigae, akaliweka katikati ya yale mafiga matatu. Ghati akapuliza. Tulikula mnavu wa maziwa na ugali wa ulezi, baba, mama, Bibi Nyangi, Ghati na mimi, na hakuna aliyesimulia habari za ndama, isipokuwa Bibi Nyangi, ambaye aliuliza kama chumvi ya mboga ile imetoka zizini.

Sasa nakupa nasaha, mwanangu, kwa lugha isiyo na mzunguko.

Ukianza bustani yako mwezi huu, usiwe na haraka ya kusafisha. Tembea kwanza ndani yake siku tatu bila jembe. Uliza kila kilichopandwa kilipandwa na nani na kinangoja nini. Mama yako akiwa hai, muulize yeye kabla hujaiuliza simu yako. Simu ina mengi mema, nami huisoma, lakini haijui mstari upi mama yako ameuacha. Na ukiisoma, isome mpaka ukurasa wa mwisho.

Samadi iache ilale. Mkono wako ukiona joto ndani ya rundo, bado.

Usile mimea bora yote ukabakiza dhaifu ndiyo iwe mbegu. Wengi hufanya hivyo, kisha baada ya miaka michache hulalamika kwamba mboga za siku hizi hazina ladha. Chagua mizuri kuliko yote, ifunge uzi, uiache izeeke, hata njaa ikuume kiasi gani. Mbegu za pakiti za dukani nanunua pia, na nina stroberi sita kwenye matairi mabovu ambazo binti yangu aliniletea. Lakini mbegu ya kwenu hakuna duka litakalokuuzia ikipotea.

Na ukikosea, maana utakosea, kiri mapema na ukiri lote. Kisha chuchumaa kwenye rundo, ukitafute ulichokitupa. Nimeona vijana wengi wakiharibu jambo, wakasema limekwisha, wakahama nalo moyoni mpaka mjini. Jambo likiharibika siyo lazima liwe limekwisha. Mara nyingi mbegu yake ipo, imefunikwa na kitu ambacho hutaki kukishika.

Ghati ana jiko la gesi sasa, na mafiga yale matatu hayapikiwi tena. Tulipohamia hapa Morotonga aliyabeba mwenyewe. Yapo bustanini, nyuma ya nyumba, mwisho wa mstari wa mnavu. Kila mtu wa nyumba hii, hata mgeni wa siku moja, anajua maana yake: hapa hapang'olewi. Mwezi uliopita binti yetu wa kwanza alikuja kuchukua kibuyu chake cha mbegu. Alipofika hakuuliza kitu. Alichuchumaa, akaonja jani, akacheka, na Ghati akaingia ndani haraka, akisema moshi umemwingia machoni, ingawa hapakuwa na moshi.

Mungu akujalie mvua inayonyesha kwa kiasi na udongo unaokumbuka, mwanangu. Akupe mkono wa kazi, na ndani ya mkono huo akuwekee subira ya kuuzuia. Na ulichokipoteza kwa ujinga wa ujana, akuoteshee tena, hata kama ni mitano kati ya arobaini na mmoja. Mitano ilitutosha.